Kodi, Kura na Kwaki

Kila panapozuka mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya utafiti katika vyuo vikuu vya Kenya, hakosi kuinuka mtu akauliza: "Je, fizikia ya nadharia itaandikwaje kwa Kiswahili?" Swali hili hutolewa kama pigo la kumaliza ugomvi, nao watetezi wa lugha aghalabu hujitosa kutafuta istilahi moja moja ili kujiokoa. Kosa lao ni kukubali kipimo hicho. Fizikia siyo taaluma inayoumia zaidi kwa kukikosa Kiswahili. Inayoumia ni ile ambayo hakuna anayeitaja katika mijadala hiyo: utafiti wa kodi za mashinani na upigaji kura.

Fizikia na itazamwe kwanza. Mnamo 1964 Murray Gell-Mann wa Marekani alipopendekeza kwamba protoni na nyutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi, aliziita kwaki. Tahajia ya jina hilo aliipata katika Finnegans Wake, riwaya ya James Joyce (wanafasihi wana haki ya kujivuna kidogo). Hata hivyo, neno lenyewe halikueleza lolote kuhusu chembe hizo. Maana ilikuwa katika hesabu, na ndiyo sababu neno hilo lilivuka mipaka ya lugha nyingi bila kupoteza kitu. Hata fizikia inapochukua neno la kila siku, hapana madhara. Hamali wa Kongowea aliyesimama tuli na gunia la viazi mgongoni hajafanya "kazi" yoyote kwa mujibu wa fizikia, maadamu kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali. Hamali atacheka, lakini mlinganyo utabaki vile vile. Isitoshe, istilahi za msingi zilikwisha kushughulikiwa: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Mtafiti wa kodi hana mlinganyo wa kumkinga. Data yake ni majibu ya watu, na majibu hayo hutegemea neno alilotumia kuuliza. Mathalani, akibisha hodi Kisauni na kuuliza, "Je, wewe hulipa kodi?", mpangaji atajibu "ndiyo" bila kusita, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi humlipa mwenye nyumba. Kwenye hojaji atatiwa alama ya mlipa kodi. Akiuliza kuhusu ushuru, mchuuzi atakumbuka tikiti ya soko na askari wa kaunti, wale ambao bado wanaitwa kanjo. Mtanzania akisikia ushuru, huenda akafikiria forodha au mazao, kwani neno lake la jumla ni kodi. Kenya nayo ina wito rasmi wa "Tulipe ushuru, tujitegemee." Nchi mbili jirani, lugha moja, na neno la msingi la utafiti halilingani.

Tofauti hizi si za wanaleksika peke yao. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 huruhusu kaunti kutoza kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani, na kando na hizo, ada kwa huduma zinazotolewa. Ada ina huduma mkabala wake. Kodi si lazima. Mchuuzi asiyetenganisha viwili hivyo kwa jina atamdaije mwakilishi wa wadi yake choo cha soko?

Nadharia zenyewe husimama juu ya ujuzi huo. Charles Tiebout alidai mwaka 1956 kwamba wakazi huchagua eneo kwa kulinganisha kodi na huduma, jambo lililokuja kuitwa kupiga kura kwa miguu. Dhana hiyo humchukulia mkazi kuwa mtu anayejua analipa nini na anapata nini. Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja, katika makala yao ya 2001 kuhusu kodi ya maendeleo nchini Tanzania, walionyesha kwamba ukali wa watozaji na kutoridhika na huduma huelekea kuongeza ukaidi wa kulipa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Jina lake lilibeba ahadi, na msomaji wa Kiswahili huona mara moja kejeli ya kukimbizwa na mgambo kwa ajili ya "maendeleo". Makala hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mlipaji aliyehojiwa hangeweza kulisoma.

Kifungu cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Mswada ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili haushirikishi mtu kwa kuwa tu watu wameitwa ukumbini. Mnamo Juni 2024, Mswada wa Fedha wa taifa ulipozua maandamano, vijana waliutafsiri wenyewe katika Kiswahili na lugha nyingine za Kenya. Kazi hiyo haikungoja idara yoyote ya Kiswahili. Zilikuwa wapi idara hizo? Pengine zilikuwa zikisimamia tasnifu nyingine tena kuhusu maudhui katika riwaya ile ile.

Fasihi haina haja ya kuachwa. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anaweza kukaa na mwenzake wa uchumi au siasa kabla ya hojaji kuchapishwa, akauliza maswali machache ya kijinga: kodi ipi, inalipwa kwa nani, na mchuuzi huiitaje? Anaweza pia kuichukua miswada ya fedha ya kaunti moja, mwaka baada ya mwaka, akaandaa faharasa ya tozo zake kwa maneno ya sokoni. Hiyo ni tasnifu kamili, na kwaki hazitahusika popote.