Malori madogo ya vita: tusiwacheke wanaohesabu bolti

Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wazima wanaokaa mezani miezi mitatu wakiunganisha lori la jeshi lenye urefu wa sentimeta 19 hivi. Lori lenyewe mara nyingi ni GMC ya matairi kumi ya Vita ya Pili ya Dunia, ile yenye jina la kiwandani CCKW. Wanabishana juu ya taa iko upande gani, ekseli ni ya aina gani, namba ya boneti ilipakwa rangi gani. Nilipogusia jambo hili redioni, kijana mmoja alinijibu kwamba hiyo ni michezo ya watu walioshiba. Mimi naona tofauti, na ninaomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 35. Maana yake milimeta moja ya lori dogo ni sentimeta tatu na nusu za lori la kweli. Ukiongeza milimeta mbili kwenye upana wa tairi, umelinenepesha kwa sentimeta saba. Muulize shofere yeyote wa barabara ya Shabunda kama sentimeta saba za tairi ni jambo dogo.

Lakini vipimo si ndivyo vinanivuta mimi. Kinachonivuta ni kabini. GMC za mwanzo zilitoka kiwandani na kabini ya chuma iliyofungwa, na sanduku la mizigo nalo lilikuwa la chuma. Vita ilipozidi, chuma kikatakiwa kwa vifaru na meli, basi sanduku la mizigo likawa la mbao na kabini ikaachwa wazi, na turubai juu yake. Kabini ya namna hiyo inashushwa chini, lori linachukua nafasi ndogo melini. Kwa hiyo ukiona lori dogo lenye turubai badala ya mlango wa chuma, unaona nchi tajiri kama Marekani ikibana matumizi. Kwa Wajerumani ilikuwa mbaya zaidi. Lori lao la Opel Blitz lilianza vita na kabini nzuri ya chuma, likamaliza na kabini ya mbao, inayofanana na kibanda cha mlinzi. Kiwanda chake cha Brandenburg kililipuliwa kwa mabomu mwezi wa Agosti 1944, na Daimler-Benz ndiyo ikaendelea kuliunda. (Kwa wanaopenda kujua: Opel ilikuwa imenunuliwa na General Motors tangu 1929. Malori ya maadui wawili yalitoka katika ukoo mmoja.)

Sasa fundi akiweka kabini ya mbao kwenye Blitz inayoingia Ufaransa mwaka wa 1940, ametuambia kwamba Ujerumani ilikuwa imeishiwa tangu siku za kwanza. Huo ni uongo, hata kama mbao zimepakwa rangi vizuri.

Kuna kosa lingine ambalo naliona kubwa kuliko hilo. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba 1944, Wamarekani walikuwa na msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express, uliopeleka petroli, risasi na chakula kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa. Barabara zilikuwa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na raia hawakuruhusiwa kuzipita. Karibu robo tatu ya mashofere walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi ambalo bado lilikuwa likiwatenga weusi na weupe. Lori la kubeba tani mbili na nusu lilipakiwa tani tano. Mashofere waliondoa kile kifaa cha kuzuia mwendo ili injini ikimbie. Makopo ya chakula yaliyotupwa njiani yalitoboa matairi. Halafu mtu anaunda lori la Red Ball, anaweka alama yake nyekundu ya mviringo mahali sawa kabisa, na ndani anamketisha shofere mwenye uso wa pinki kwa sababu rangi hiyo ndiyo ilikuwa karibu na mkono! Bolti zote ziko sawa, mtu hayuko sawa. Ningekuwa mwamuzi wa mashindano yao, ningeanzia kwenye usukani kabla ya kuinama kutazama ekseli.

Kwenye matope sisi tungeweza kuwafundisha. Wengi wao wanapaka matope kama mama anavyopaka siagi kwenye mkate, sawasawa kila mahali. Mimi nimesafiri juu ya mizigo ya malori mara nyingi kwa kazi hii, najua matope yanavyokaa. Yanajaa nyuma ya magurudumu na juu ya ekseli. Yakikauka yanakuwa meupeupe, na pale mguu wa shofere unapokanyaga kupanda panabaki chuma kinachong'aa. Lori lililozidishwa mzigo halisimami wima kama la dukani: springi zimenyooka, matairi ya nyuma yamevimba chini. Lori dogo lenye tani tano za masanduku juu ya springi mpya halinidanganyi.

Wengine watauliza, na wana haki, kwa nini mtu wa Kivu aandike juu ya malori ya vita kama mchezo, wakati sisi tunajua mlio wa lori la jeshi usiku na tunajua kuzima taa linapokaribia. Ni kwa sababu hiyo hasa. Aliyeogopa lori la kweli hawezi kufurahia lile la uongo.

Tena vita ile haikuwa ya wazungu peke yao. Mwaka wa 1941 Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo Belge, lilivuka Sudani kwa malori, meli za mto Nile na miguu, likawapiga Waitalia kule Ethiopia: Asosa, Gambela, na mwishoni Saio mwezi wa Julai, ambako Jenerali Gazzera alijisalimisha. Hata tairi lina habari zetu. Japani ilipoteka Malaya mwaka wa 1942 pamoja na makoloni ya Uholanzi kule Asia, Washirika walikosa mpira, na huku kwetu watu wakarudishwa porini kuutafuta. Mwaka huohuo siku za kazi za lazima kwa wanakijiji zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao bado wako vijijini. Askari wenyewe ndio wamekwisha: mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mjini Kinshasa Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, aliyetajwa kuwa wa mwisho kati yao.

Watoto wetu wanaunda kamio za nyaya na makopo ya maziwa zenye usukani unaozunguka na springi za mpira wa ndani ya tairi. Vidole wanavyo. Kamio hizo ni za aina wanazoziona zikipita, na hawajawahi kuonyeshwa lori lililobeba babu zao kwenda Saio. Basi mwenye picha ya zamani ya askari wa Force Publique na lori, asiiache iliwe na unyevu sandukuni. Aipige picha kwa simu, na nyuma yake aandike kwa penseli mwaka, mahali, na jina la shofere kama bado kuna mtu nyumbani anayelikumbuka.