Ukali wa Kostiki Hauishi kwa Kukoroga

Hapa Kigoma na Ujiji mawese hayakosi, na wapo wanaopika sabuni yake nyumbani. Tumewasikia wakiambiana: "Kostiki ikizidi si kitu, koroga sana, ukali utaisha." Hatuikubali kauli hiyo.

Molekuli ya mawese ni minyororo mitatu mirefu, hasa ya kaboni na haidrojeni, iliyofungwa kwenye kipande kimoja kidogo. Kostiki ikiingia, vifungo hivyo vitatu hukatika. Kila mnyororo hushikana na sodiamu iliyotoka kwenye kostiki, na hiyo ndiyo sabuni. Kile kipande kidogo huwa gliserini. Hakuna atomu iliyopotea wala iliyozaliwa. Zimebadilisha wenzi tu. Mnyororo mmoja, sodiamu moja. Basi minyororo ikimalizika, kostiki iliyozidi itashikana na nani? Hubaki ndani ya mche wa sabuni, ikingoja ngozi ya mtoto, hata ukikoroga mpaka Alasiri.

Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki. Waangalifu hupunguza kidogo, ili kitakachobaki kiwe mafuta. Hayo hayapimwi kwa kikombe cha chai wala kiganja. Ni mizani.

Na sufuria zetu, nyingi ni za alumini! Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, nanyi mna moto pembeni. Tumieni ndoo nene ya plastiki. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, joto lake huweza kuyarusha usoni. Ikiingia jichoni, oshweni papo hapo kwa maji mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Wapo wanaosema kemia ni ya shuleni, madrasa ina yake. Ajabu, maana jina lenyewe limepitia Kiarabu, al-kimiya, na alkali, kundi la kostiki, ni al-qali: majivu ya mimea. Waliopika sabuni kwa majivu ya kuni walikuwa wakikata vifungo hivyo hivyo, ila kwa potasiamu, ndiyo maana sabuni yao ilikuwa laini.

Tunawaomba wazazi mnaopika: mwiteni kijana wenu wa sekondari apime gramu pamoja nanyi. Wadogo wakae mbali na ndoo.