TUSIDHARAU MAGARI YA WAYA

Katika kila kijiji cha nchi yetu, na katika kila mtaa wa miji yetu, wako watoto waundao magari. Hakuna mtu aliyewafundisha. Huokota waya, makopo, vizibo vya soda na ndala zilizokatika. Hukata, hukunja, hufunga. Na baada ya siku mbili tatu huonekana njiani lori lenye usukani mrefu, ekseli mbili, na magurudumu yakatayo kona kwa amri ya mwenyewe. Wapo waundao hata springi, wakatia na kibao cha namba. Sisi watu wazima twapita, twacheka, na aghalabu twasema: "Acha mchezo huo, kashike kitabu."

Zamani maneno hayo yalikuwa na udhuru kidogo. Leo hayana, na sababu yake ni mageuzi yaliyozipata motokaa za dunia, ambazo zaanza kuacha petroli na kufuata umeme. Mwaka 2024 peke yake ziliuzwa duniani motokaa za umeme zaidi ya milioni 17, yaani zaidi ya moja katika kila motokaa mpya tano, tukihesabu na zile zenye mota na injini pamoja ambazo huchajiwa kwa waya. Mwaka huo huo Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza motokaa binafsi za mafuta. Mambo haya yamo mlangoni petu.

Tulifikiri kwanza lile gari la waya. Lilipoiga motokaa ya petroli, liliiga umbo tu. Mtoto aliweza kuunda boneti, lakini ndani ya boneti hapakuwa na kitu, maana injini ya petroli haiundwi kwa kopo. Yataka pistoni iliyochongwa kwa kipimo chembamba kuliko unywele, yataka plagi, pampu, valvu na gia, na moto uwakao maelfu ya mara kwa dakika moja bila kukiharibu chuma. Kwa hiyo kati ya mchezo wa mtoto na kazi ya kiwanda palikuwa na bonde lisilo na daraja. Mtoto alikua, akalitupa gari lake jalalani, akaenda kuwa utingo.

Gari la umeme ni habari nyingine. Chukua mota ndogo iliyotoka katika redio ya kaseti iliyokufa, betri mbili za tochi, swichi, na ukanda wa mpira wa kuzungushia gurudumu, gari linakwenda. Hilo halikuiga umbo la gari la umeme, maana lenyewe ni gari la umeme kamili, dogo tu. Ndani yake mna betri itoayo mkondo, mna waya uliozungushwa ambao hugeuka sumaku mkondo upitapo, na mna sumaku ya pili inayousukuma na kuuvuta ule waya hata mhimili uzunguke. Motokaa kubwa zitembeazo Oslo na Shenzhen zafuata kanuni iyo hiyo, ingawa mota zao aghalabu hutumia mkondo wa kubadilika na huongozwa na kompyuta. Mtoto akigeuza nyaya za betri, gari lake hurudi nyuma. Akiitoa betri, akafunga kitaa kidogo mahali pake na kulizungusha gurudumu kwa kasi, mota ile ile huzaa umeme, na kitaa chaweza kuwaka. Ndivyo motokaa kubwa ya umeme inavyorudisha umeme katika betri yake inapoteremka mlima. Somo hilo, ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni kwa chaki na ubao bila kuona hata kipande cha waya, mtoto wa leo aweza kulishika mkononi kabla hajamaliza darasa la saba.

Wala tusione ajabu, kwa kuwa gari la umeme lilizaliwa likiwa kitu cha juu ya meza. Mwaka 1828 huko Hungaria, padre Mbenedikto aitwaye Ányos Jedlik, mwalimu wa fizikia, aliunda mota ya umeme na kuitia katika kigari kidogo cha mfano. (Wazee wa Peramiho na Ndanda, waliojifunza useremala na ufundi chuma katika karakana za Wabenedikto, hawatashangaa kusikia kwamba padre alishika nyundo.) Mwaka 1834 Thomas Davenport, mhunzi wa jimbo la Vermont katika Marekani, naye aliunda mota, na mwaka uliofuata akaonyesha kigari cha umeme kikizunguka juu ya reli ndogo ya duara. Mtu huyu hakuwa profesa. Kazi yake ilikuwa kufua vyuma. Yasimuliwa kwamba mkewe, Emily, alikata gauni lake la hariri la harusi ili wapate vitambaa vya kutenganisha nyaya. Yote hayo yalitangulia kwa miaka hamsini na zaidi ile hati ya motokaa ya petroli aliyoipata Karl Benz mwaka 1886.

Na gari hilo lilikua. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alipita kilomita 100 kwa saa ndani ya gari la umeme, na hakuna motokaa yoyote iliyokuwa imefika mwendo huo kabla yake. Lakini betri za siku zile zilikuwa nzito na zenye kuishiwa nguvu upesi, petroli ikawa rahisi, na mwaka 1908 Henry Ford akaleta motokaa yake ya Model T. Kisha mwaka 1912 motokaa za Cadillac zikatiwa mota ya umeme ya kuwashia injini, dereva asisumbuke tena na mtaimbo wa kuzungusha kwa mkono. Hivyo mota ya umeme ilisaidia kulizika gari la umeme.

Sasa tuangalie wenzetu walivyouchukua mchezo huu wa kuunda magari madogo. Mwaka 1930 kampuni ya Fisher Body, tawi la General Motors la Marekani, ilianzisha chama cha mashindano kwa vijana, kilichodumu mpaka mwaka 1968. Mwanzoni kijana alitakiwa kuunda kwa mikono yake gari la farasi la kifalme. Baadaye akatakiwa kubuni na kuchonga motokaa ndogo ya fikira zake mwenyewe. Zawadi haikuwa kikombe cha bati. Mwaka 1931 washindi wanne walipewa kila mmoja dola 5,000 za masomo ya chuo kikuu, fedha nyingi sana katika miaka ile ya dhiki. Mshindi mmoja wa mwaka 1947, Charles Jordan, aliajiriwa na General Motors akapanda mpaka mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni, mkuu wa wabunifu wote. Mabepari wale hawakutoa fedha kwa huruma. Waliona kwamba mtoto achongaye gari ni fundi aliyekwisha kujitambulisha mwenyewe, asiyehitaji kutafutwa. Kosa lao moja tusiliige: wasichana hawakuruhusiwa.

Japani nayo ina kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, iliyoanza kama biashara ya mbao baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1982 ilitoa vigari vidogo viitwavyo Mini 4WD, vyenye mota moja na betri mbili ndogo, ambavyo mtoto huviunga mwenyewe na kuvishindanisha. Watoto wengi wa Japani walijua maana ya uwiano wa gia na nguvu ya mota kwa kupoteza mbio na kurudi nyumbani kurekebisha.

Je, sisi? Wako watakaosema kwamba motokaa zetu nyingi ni zile kuukuu ziletwazo kutoka Japani, nazo zitaendelea kunywa petroli kwa miaka mingi. Ni kweli. Lakini tupokeacho sisi ni kile wenzetu walichokwisha kutumia, na wenzetu wanabadilika. Motokaa ya umeme ya Nissan Leaf ilianza kuuzwa huko mwaka 2010. Za miaka ile ya kwanza zimekwisha kuzeeka, na betri zake zimechoka. Kadiri zinavyoongezeka zitatujia sisi. Nani atakayeipima betri iliyochoka na kumwambia mnunuzi ukweli kabla hajatoa fedha zake?

Hapa twafika kwa ndugu zetu mafundi, nao ndio hasa wanaotutia wasiwasi. Fundi wa Gerezani apata riziki yake kwa kubadili oili, plagi na filta, kufungua injini, kuziba bomba la moshi, kutengeneza klachi. Motokaa ya umeme haina hata kimoja cha hivyo. Zitabaki breki, magurudumu, shokomzoba na bodi, na hizo peke yake hazitalisha mafundi wote waliopo. Tena iko hatari kubwa kuliko njaa. Ndani ya motokaa hiyo zimo nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme wa kiasi cha volti 400, na nyingine hufika 800, hali umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Fundi atakayezifungua kwa bisibisi na mikono mitupu, kama alivyozoea kufungua kabureta, aweza kufa pale pale. Kumwacha ajifunze kwa kubahatisha ni kumwua. VETA na vyuo vingine vya ufundi havina budi kumwita sasa, kwa kozi fupi za jioni, ili asipoteze kazi ya mchana. Na hatupendi kusikia kwamba kwanza alete cheti cha kidato cha nne.

Jirani zetu wameanza. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili waliloliunda wenyewe, na mwaka 2016 likaonyeshwa Kampala basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Sisi tunalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115. Tunayo nikeli ya Kabanga wilayani Ngara na kinywe cha Mahenge, madini yatumiwayo ndani ya betri. Na ndugu zetu wa Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Petroli tunayotumia yote hutoka ng'ambo kwa meli. Umeme tunauzalisha wenyewe. Nchi yenye vitu hivyo ikikosa mikono, itauza udongo na kununua betri.

Twapendekeza jambo moja, wala halihitaji kamati kubwa. Maonyesho ya Sabasaba yawe na shindano la magari ya umeme yaliyoundwa na watoto wa shule, wasichana na wavulana sawasawa, baada ya mchujo wa wilaya na mikoa. Masharti yawe machache. Gari liundwe kwa vitu vilivyookotwa. Mota itoke katika chombo kilichokufa. Betri ziwe za tochi tu, zisizidi nne. Betri za simu zisitumiwe, maana zikitobolewa hulipuka moto, na umeme wa ukutani usiguswe kabisa. Gari libebe kilo moja ya unga kwa mita kumi, na mwenye gari asimame mbele ya waamuzi aeleze kwa maneno yake kila waya wafanya kazi gani, ili tujue kwamba hakuundiwa na mjomba. Waamuzi wenyewe watoke gereji na karakana, pamoja na mafundi wa Nyumbu wa Kibaha, ambao walikwisha kuunda malori katika nchi hii. Na mshindi asipewe kikombe wala fulana. Apewe nafasi ya masomo katika chuo cha ufundi, ada imelipwa, na jina lake liandikwe katika daftari la chuo siku iyo hiyo kabla maonyesho hayajafungwa.