Kobe la mshua lina homa!

Wiki hii niko chini ya gari, grisi mpaka masikioni. Marehemu mshua katuachia Volkswagen Kobe la 1967. Likigonga kilometa 60 tu, usukani unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Fundi wa kwanza kabalansi matairi mara tatu, kachukua chake, mtetemo uko pale pale. Maza kagoma kupanda. Braza anataka tuliuze skrepa.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, akapiga jeki, akaweka stendi (usilale chini ya jeki tupu, wewe!), akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Ko, ko! Boljointi kwisha. Makobe ya kabla ya modeli ya 1966 yana kingpini. Hili letu boljointi. Na hazigongwi nyundo hizo: mikono inafunguliwa, zinaingizwa kwa mashine ya presi. Mle kwenye mabomba mawili ya mbele mna springi bapa zinazojisokota, na chuchu zake nne za grisi zilikuwa zimejaa tope. Pampu grisi magurudumu yakiwa hewani, halafu alaimenti.

Jumapili maza kakaa siti ya mbele mpaka Bagamoyo. Braza sasa anauliza funguo ziko wapi.