Sauti Inayokaa na Kijana Jioni

Katika nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare wazazi waulizana neno moja: wana wetu wa kiume wasikiliza nini jioni? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Redio ya nyumbani ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba. Aliyoyasikia baba waliyasikia wote. Leo sauti imeingia mfukoni. Hata kijiji kisicho na intaneti hupata maneno yaliyonaswa mbali, maana hupita kutoka simu hata simu, na kadi ndogo ya kumbukumbu huletwa na mwenye pikipiki atokaye Salamabila. Mzazi hasikii kitu, kwani kijana amejitia visikizio masikioni.

Mengi ya hayo ni muziki na mpira, wala hayana ubaya. Lakini yamo maneno ya namna nyingine. Yanamwambia kijana kwamba umaskini wake umeletwa na kabila fulani. Kwamba mwanamume kamili ni mwenye bunduki. Kwamba anayetaka ushahidi kabla ya kusadiki ni msaliti. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema; lakini simu imeirefusha.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Ulaya na Marekani vijana husikiliza mazungumzo marefu yaitwayo podikasti, yaani maneno yaliyonaswa na kuwekwa ili mtu ayasikilize saa apendayo. Siasa za mrengo wa kulia zimepata nguvu nyingi kwa njia hiyo. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Donald Trump alizungumza karibu saa tatu katika podikasti ya Joe Rogan, inayopendwa sana na vijana wa kiume. Baada ya uchaguzi, watu wa upande wa pili waliulizana kwa nini wao hawakuwa na baraza la namna hiyo. Huko shindano ni la kura. Kwetu laweza kuwa la panga. Desemba 2021, kule Lweba katika Fizi, jirani kabisa na Kabambare, kundi la watu lilimwua na kumchoma moto afisa wa jeshi la taifa letu kwa sababu alikuwa Mnyamulenge. Picha za tendo hilo zikasambazwa kwa simu.

Basi, tutafanya nini? Wengine husema: tuwanyang’anye simu. Wengine husema: tuwahubirie. Tuangalie kwanza mambo yaliyowapata jirani zetu.

Nchini Rwanda redio RTLM ilianza kusema Julai 1993. Haikuwavuta vijana kwa hasira peke yake. Ilipiga muziki mzuri. Watangazaji wake walitania, walisema Kinyarwanda cha barabarani, wakazungumza na wasikilizaji kama watu wanaojuana, hali redio ya serikali ilisoma habari kwa sauti ya ofisini. Chuki ilitiwa humo kidogo kidogo, ndani ya mzaha. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, na redio hiyo ikawa inataja watu wa kuwindwa, ilikuwa imekwisha kukaa na vijana miezi tisa kama rafiki. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwatia hatiani wakuu wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Mwaka 2007 mahakama ya rufani iliwapunguzia vifungo, lakini haikuwaachia huru.

Watu husema dawa ya moto ni moto. Waliokuja baada ya sauti ile hawakufuata methali hiyo. Agosti 1994, Kivu ilipojaa wakimbizi, waandishi wa habari kutoka Uswisi walianzisha mjini Bukavu redio ndogo, wakaiita Agatashya, maana yake mbayuwayu. Hawakurudisha tusi kwa tusi. Walitoa habari za kweli ambazo mkimbizi alizihitaji siku ile ile. Vita vya 1996 viliinyamazisha, lakini kutoka kwake lilizaliwa shirika la Hirondelle, ambalo jina lake pia ni mbayuwayu kwa Kifaransa. Ndilo lililoshirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Redio Okapi, tarehe 25 Februari 2002, inayosema Kiswahili pamoja na lugha nyingine za taifa letu.

Burundi nako, mwaka 1995, ilianzishwa Studio Ijambo. Hiyo haikuwa na mnara wake. Ilitengeneza vipindi, na redio nyingine zikavitangaza. Waandishi wake, Wahutu na Watutsi, walikwenda pamoja kutafuta habari, ili mmoja aone asiyoyaona mwenzake. Vijana wa Kasongo, tieni hilo akilini. Ikiwa wale waliweza kazi bila mnara, ninyi mwaweza kwa simu mbili, mahali pasipo kelele, na kadi za kumbukumbu za kupelekwa vijijini.

Kasongo inajua tayari kazi ya redio ya jamii, kwa maana mji umepata Redio Sauti ya Mkaaji. Podikasti haiji kuipinga redio. Inakwenda mahali ambapo mawimbi ya redio hayafiki, na inakaa na kijana saa ambayo redio imekwisha kufungwa.

Lakini isemwe nini humo? Hapa ndipo wengi watakapokosea. Tutazame Salamabila. Katika eneo lile la Kabambare, penye dhahabu ya Namoya, vijana wengi waliingia kundi la Mai-Mai Malaika. Je, walidanganywa tu? La. Walikuwa na madai juu ya kazi, juu ya ardhi, na juu ya mahali pa kuchimba, na si yote yaliyokuwa ya uongo. Mwenye bunduki aliyataja madai hayo kwa sauti kubwa, akawapa vijana jina na heshima. Uongo wenye nguvu daima hupanda juu ya mgongo wa ukweli. Kwa hiyo podikasti itakayosema amani, amani, na isiseme neno juu ya kazi, haitasikilizwa, wala haistahili kusikilizwa.

Izungumze, basi, juu ya mambo ya kijana mwenyewe. Mahari yamepanda: atayapataje bila kuiba wala kushika silaha? Mpunga wauzwa bei gani, na faida yabaki kwa nani? Shimo la dhahabu likiporomoka, nani atawatunza watoto wa marehemu? Aliyetoka msituni akarudi kijijini, anapokewaje? Aletwe mchimbaji aseme mwenyewe, na mwendesha pikipiki, na fundi wa matofali, na mama aliyempoteza mwana. Iwe kwa Kiswahili chetu hiki cha Maniema, pamoja na mzaha wake na muziki wake. Vijana hawamfuati mtu anayewanyoshea kidole. Humfuata anayekaa nao.

Wawe wasemaji wawili, si mmoja. Mmoja Mbangubangu na mwenzake Mzula au Mkusu; mmoja Mkristo na mwenzake Mwislamu, kwa kuwa ndivyo miji yetu ilivyo. Wabishane mbele ya wasikilizaji pasipo kutukanana. Kijana akiwasikia wakitofautiana, kisha wakicheka pamoja, amejifunza jambo ambalo hotuba kumi haziwezi kumfundisha.

Wasiseme lolote wasilolipata kwa watu wawili wasiotegemeana. Wakikosea, wasahihishe katika kipindi kifuatacho, mwanzoni kabisa, si mwishoni kwa sauti ya chini. Uvumi wakiukanusha, waanze na ukweli, wala wasiurudie uongo mara nyingi hata ukakaa kichwani mwa msikilizaji. Wakumbuke tena sheria: tangu Juni 1966 nchi yetu ina sheria ya kuadhibu chuki ya rangi na ya kabila, na kanuni ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inamwadhibu anayesambaza uongo. Anayepeleka mbele maneno ya mwingine asidhani kwamba mikono yake ni safi.

Sasa twafika penye mwiba: fedha. Kunasa maneno hakugharimu nyingi, lakini betri, kadi na safari za kwenda Kabambare hazipatikani bure. Atakuja mtu mkubwa, hasa uchaguzi ukikaribia, aseme: wanangu, kazi yenu nzuri, pokeeni simu mpya. Kesho yake ataomba asifiwe; kesho kutwa ataomba mpinzani wake atukanwe. Twajua desturi ya mwandishi wa habari kupewa bahasha na yule anayesifiwa. Mwenye kumlipa mpiga ngoma ndiye achaguaye wimbo. Afadhali watu mia watoe kidogo kidogo, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi, kuliko mmoja atoe vyote. Nasi watu wa parokia tujitawale vilevile. Tukiwapa vijana chumba cha kunasia, tusidai kila kipindi kiwe mahubiri. Mahubiri yana mahali pake na saa yake.

Tusiwafiche hatari pia. Serge Maheshe wa Redio Okapi aliuawa Bukavu mwaka 2007, na mwenzake Didace Namujimbo mwaka 2008. Kwa hiyo vijana wasiende peke yao penye silaha, wasitaje jina la anayeogopa, wala wasiseme mahali alipo mtu anayetafutwa. Ushujaa bila akili humfurahisha adui.

Wazazi nao wana sehemu yao. Usimnyang’anye mwanao kisikizio. Mwombe kimoja, ukae naye, usikilize. Kisha uliza: msemaji huyu amejuaje? Anapata faida gani nikimsadiki? Na huyo anayesemwa vibaya, amepewa nafasi ya kujibu? Maswali hayo matatu yakizoeleka katika nyumba, uongo utakosa mahali pa kulala.

Nanyi wanafunzi wakubwa, msingoje mfadhili kutoka Kinshasa wala Ulaya. Kutaneni watu wanne. Chagueni neno moja linalowauma vijana wa mtaa wenu. Waulizeni watu sita, nasa maneno yao, yachujeni yawe ya dakika ishirini, mkayasikilizishe kwanza kwa mtu asiyekubaliana nanyi. Akisema, “Hapa mmenionea,” rekebisheni. Kisha yapelekeni Kasongo, Kabambare na Salamabila. Na juma lijalo fanyeni tena. Kwa kuwa sauti mbaya huja kila jioni, na nzuri ikija mara moja kwa mwaka, kijana atakuwa amekwisha kupata rafiki mwingine.