Mtoto ana mafua? Gombe isubiri

Mama zangu wa Kasulu na Kibondo! Naona likizo hii wengi mnapanga kushuka Kigoma na watoto. Safi sana. Tumezoea kudhani utalii ni wa wazungu na ni wa Serengeti, kumbe Gombe ni hapo tu, unapanda boti Kigoma mjini.

Ila wapo wanaonung'unika kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda mlimani kuwaona sokwe. Jamani, hapo mimi niko upande wa hifadhi. Sokwe anaambukizwa mafua yetu, na yakishuka kifuani yanaweza kumuua. Mwaka 1966, miaka sita baada ya Jane Goodall kufika pale, sokwe wa Gombe walipata ugonjwa kama polio. Wengine walikufa, wengine wakapooza mikono au miguu. Ikabidi wawekewe chanjo kwenye ndizi! Ndiyo, ya kumeza, kama matone mnayowapa wanenu kliniki.

Kwa hiyo wadogo wapelekeni Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone. Waonyesheni pale Stanley alipomkuta mwaka 1871, mzee wa watu mgonjwa, dawa zake zilishaibiwa njiani. Watoto wanapenda hiyo hadithi kuliko mnavyodhani. Waliofikisha umri ndio waende Gombe, na barakoa mfukoni. Akiamka anakohoa, abaki nyumbani, hata kama nauli ya boti mmeshalipa.

Kesho nitaandika kuhusu kichocho, maana najua mkifika ziwani hamtawazuia kuoga.