Maji Maangavu Bado Hayajawa Tayari

Samaki wangu sita waliisha ndani ya siku tisa. Niliwanunua Mwanza pamoja na tangi la kioo, pampu ya hewa, chujio na changarawe za bluu, nikawapakata kwenye basi hadi Shinyanga kama mtu aliyebeba kichanga. Asubuhi nilijaza maji ya bomba, jioni nikawatia samaki. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Kaka, kazi ni kubadilisha maji tu." Wa kwanza alielea ubavu siku ya nne. Mama akasema ni jicho la wageni. Nilipompigia muuzaji hakushangaa hata kidogo: nirudi nichukue wengine, na chupa ya dawa.

Kule kutoshangaa bado kunanikera. Alijua.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Ziwani wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha bakteria wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hawa hujishikiza kwenye changarawe na hasa kwenye sponji ya chujio. Ndani ya tangi jipya hawatoshi. Kuwakuza huchukua kama wiki 4 hadi 6: unawasha chujio, unatia chembe za chakula kila siku kana kwamba samaki wapo, unapima. Amonia itapanda na kushuka, nitraiti itaifuata vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma sifuri, unapunguza maji ya zamani, unaongeza mapya, ndipo unaleta samaki, tena wachache wachache. Ukipewa kipande cha sponji chakavu na mwenye tangi la siku nyingi, muda unapungua sana.

Sisi wa Shinyanga tuna la ziada. Maji yetu ya bomba huvutwa Ihelele, Ziwa Victoria, husafishwa, kisha hutufikia kwa mabomba ya KASHWASA. Yanatiwa klorini, na ni haki yatiwe, maana tunayanywa. Lakini klorini haichagui bakteria, na huunguza matamvua. Kubadilisha sehemu ya maji, kwa maji yaliyokaa ndoo wazi siku nzima, kungewasaidia samaki wangu. Mimi nilimwaga yote na kusugua sponji chini ya bomba. Mara mbili! Kila nilipoona tangi linang'aa, nilikuwa nimerudi mwanzo.

Nilipowasimulia wenzangu wa shahada ya uzamili walicheka. Samaki sita tu? Haya, twende Geita. Nje ya Katoro, kaka yangu wa kwa mama mkubwa na wenzake walikopa, wakachimba bwawa, wakaletewa vifaranga 2,000 vya sato siku ileile maji yalipojaa. Hakuna chokaa, hakuna samadi, hakuna zile wiki moja au mbili za kungoja maji yageuke kijani, ule ukijani ambao ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko vidole havionekani. Ukijani huo ni mwani, chakula cha kwanza cha kifaranga, na ndio unaofyonza amonia. Aliyewauzia vifaranga alilisifu bwawa lao kuwa safi kama maji ya chupa. Maji ya chupa yana chakula gani? Deni wanalilipa mpaka leo.

Utasikia utetezi: watu wa madini hawana subira. Huo ni uongo, na ni uongo wa dharau. Huko huko Geita watu huchimba duara miezi kwa miezi, wakilishwa na mfadhili, bila kuuona mwamba. Na Msukuma hawezi kufundishwa kungoja. Wazee wetu walifunga ngitili: malisho yanatengwa masika, ng'ombe hawakanyagi hadi kiangazi kibane. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha miti Shinyanga kwa kuitegemea desturi hiyo. Tunangoja vizuri sana tukiambiwa tunangoja nini. Tatizo ni kwamba anayejua ndiye anayeuza, na samaki akifa anauza tena.

Ndiyo maana sikubali kuiita bahati mbaya, wala uzembe wa mnunuzi. Mnunuzi ameuliza. Mimi niliuliza, kaka yangu aliuliza, tukajibiwa na mtu aliyekuwa anahesabu noti.

Mwezi uliopita nilirudi dukani. Nilimwomba muuzaji aandike kwenye boksi, herufi kubwa, "NGOJA WIKI SITA", alibandike juu ya matangi. Akacheka. "Sasa wiki sita hizo nitauza nini, kaka?" Nikamwambia auze vipimo vya amonia, ambavyo hana. Auze sponji kutoka matangi yake mwenyewe, zimejaa bakteria na yeye huzitupa. Akanikatia kipande bure, labda ili niondoke.

Leo ni siku ya 11. Amonia imeanza kushuka, nitraiti inapanda. Mama huwaeleza wageni kwamba mwanawe amesoma sana, sasa anafuga maji.